Nuru Ndani ya Chombo Kidogo: Taarikh ya Taa Iliyojitegemea

Mabaharia wanaijua lugha ya taa. Chombo kinachokuja usiku hakionekani umbo lake, wala rangi ya tanga lake, wala jina lililoandikwa ubavuni. Kinachoonekana ni taa nyekundu upande wa kushoto, taa ya kijani upande wa kulia, na taa nyeupe mlingotini au tezini. Kwa rangi hizo tatu nahodha hufahamu iwapo chombo kile kinamjia, kinampa ubavu au kinakwenda zake. Lugha hii iliwekewa kanuni Uingereza mwaka 1848 kwa ajili ya meli za moshi, na leo imo ndani ya kanuni za kimataifa za kuepusha migongano baharini za mwaka 1972.

Basi si ajabu kwamba fundi anayeunda modeli, yaani mfano mdogo wa meli au wa ndege, hutamani nayo iwe na taa zake. Meli iliyozimika taa usiku ni gofu linaloelea, na modeli isiyo na nuru, hata ikiwa nzuri namna gani, huwa ni chombo cha mchana peke yake. Tamaa hiyo ni ya zamani, lakini ilichelewa mno kutimia. Chombo kinachokaa kiganjani na kikawaka chenyewe, bila ya waya unaotoka ukutani, kilingoja mambo matatu yakutane: vipande vya plastiki vya kuunganishwa nyumbani, betri isiyozidi ukubwa wa sarafu, na taa isiyounguza. Kila moja lilizaliwa mahali pake na kwa haja yake, na hakuna hata moja lililobuniwa kwa ajili ya kuwasha modeli. Katika kukutana kwao mna swali linalowagusa hata watu wa visiwani: nuru inayotiwa ndani ya mfano, je, huueleza ukweli wa chombo, au huupamba uongo?

Kabla ya umeme palikuwa na mshumaa. Huko Saint-Louis nchini Senegal, na katika nchi jirani ya Gambia, pana mila kongwe ya fanal. Watu huunda umbo la meli kwa fito, wakalivika karatasi iliyokatwa nakshi kwa mkasi, kisha wakawasha mishumaa ndani yake na kulizungusha mitaani usiku wakati wa Krismasi na mwaka mpya. Neno lenyewe ni ndugu wa mbali wa fanusi ya Waswahili, kwani yote mawili yanarejea kwenye neno la Kiyunani lenye maana ya mwenge au taa. Meli ile ya karatasi ilijitegemea kweli kweli. Ilibeba nuru yake tumboni na ikenda nayo popote ilipochukuliwa. Lakini mshumaa una masharti. Unataka hewa, unataka tundu la kutolea joto, na unataka mtu wa kuuchunga usilale ukaiteketeza merikebu nzima. Kwa sababu hiyo meli za fanal hazikuweza kuwa ndogo. Moto hauna kipimo kidogo. Ukipunguzwa kupita kiasi huzimika, na ukisongwa huunguza.

Hapo ndipo lilipo tatizo la asili. Modeli ya kweli huishi kwa kipimo. Ikisemwa kwamba ndege imeundwa kwa kipimo cha 1 kwa 72, maana yake ni kwamba kila kilicho ndani yake, kuanzia bawa hadi usukani, kimepunguzwa mara 72, wala fundi hana ruhusa ya kukipunguza kimoja na kukiacha kingine. Wapenzi wa ushairi wanayafahamu masharti ya namna hii. Mshororo wenye mizani 16, nane kwa nane, haumkubalii mtunzi neno la silabi tano mahali penye nafasi ya nne, hata liwe tamu vipi. Itambidi atafute neno jingine, au alisubiri mpaka lugha impe. Waunda modeli nao waliisubiri nuru iliyoingia katika mizani yao, na waliingoja kwa zaidi ya nusu karne baada ya umeme kuwa jambo la kawaida mijini.

Si kwamba hawakujaribu kutumia umeme wa ukutani. Mwaka 1924 ilikamilika Uingereza nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyobuniwa na msanifu Edwin Lutyens kwa kipimo cha 1 kwa 12. Mna ndani yake taa za umeme zinazowaka, maji yanayopita mabombani, lifti zinazopanda na kushuka, na maktaba ya vitabu vidogo vilivyoandikwa na waandishi wa zama zile. Arthur Conan Doyle aliiandikia maktaba hiyo kisa kifupi cha Sherlock Holmes. Nyumba ilionyeshwa kwa umma huko Wembley mwaka huo huo, na sasa imewekwa katika kasri ya Windsor. Hata hivyo uhai wake haukuwa ndani ya vyumba vyake. Mitambo ilifichwa chini, katika msingi uliojengwa makusudi kuificha. Ni nyumba ya kuwekwa ukumbini na kuzungukwa na watazamaji. Nuru yake ni ya kuazima.

Ubaya wa nuru ya kuazima ulidhihirika zaidi miaka 40 baadaye, huko Marekani, katika modeli iliyokuja kuwa mashuhuri kuliko zote. Mwezi wa Disemba mwaka 1964 mafundi walikabidhi modeli ya chombo cha angani cha Enterprise, yenye urefu wa futi 11, iliyotengenezwa kwa ajili ya mchezo wa televisheni wa Star Trek. Hapo mwanzo haikuwa na taa. Taa zilipoongezwa, nyaya zake zilipitishwa kwenye ubavu wa kushoto, na ubavu huo ukaachwa bila ya kumaliziwa. Tangu hapo kamera iliweza kuipiga picha upande wa kulia tu. Mamilioni ya watazamaji walikitazama chombo kile kikipita baina ya nyota, kana kwamba kimeziacha kamba zote za dunia, kumbe upande wa pili kilikuwa kimefungwa kama ng'ombe kigingini. Modeli hiyo ilitolewa kwa jumba la makumbusho la Smithsonian mwaka 1974, ikakarabatiwa upya mwaka 2016, na mpaka leo ubavu wake wa kushoto unasimulia kisa hicho. Chombo kinachowashwa kutoka nje huuonyesha ulimwengu upande mmoja tu.

Njia ya kukata waya ule ilikuwa imekwisha kuanza zamani. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia aliiandikia jumuiya ya wanasayansi ya London barua iliyoeleza namna alivyopanga visahani vya madini mbili tofauti, zinki ikiwa mojawapo, akatenganisha kila jozi kwa kitu kilicholoweshwa maji ya chumvi, na mkondo wa umeme ukapita. Hiyo ilikuwa betri ya mwanzo, nayo ilivuja na kukauka. Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza betri ya zinki na manganizi iliyofaa kwa kengele na simu, lakini ilikuwa bado chupa yenye maji ndani, ukiinamisha inamwagika. Ndipo katika mwaka 1886 Carl Gassner, tabibu wa mji wa Mainz nchini Ujerumani, alipoyachanganya maji yale na plasta yakawa ujiuji, na kopo lenyewe la zinki akalifanya kuwa sehemu ya betri. Betri ikawa kavu. Sasa iliweza kulazwa, kupinduliwa na kutiwa mfukoni.

Kilichofuata kinajulikana na kila aliyekwenda msikitini au kwa jirani usiku usio na mwezi. Mwaka 1899 David Misell alipewa hataza ya tochi huko Marekani, betri zikiwa zimepangwa mstari mmoja ndani ya bomba la karatasi. Hiyo ndiyo taa ya mwanzo ya umeme iliyojitegemea ambayo watu wa kawaida waliishika mkononi. Lakini betri za tochi ni nene kama dole gumba au zaidi, na modeli ya ndege ya kipimo cha 1 kwa 72 huwa na kiwiliwili chembamba kuliko hizo. Betri ilikuwa imekwisha kukata waya, ila bado haijajifunza kuwa ndogo.

Udogo ulitokana na haja nyingine kabisa: vita, masikio na saa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Samuel Ruben wa Marekani alibuni betri ya zebaki iliyokuwa ndogo na yenye nguvu isiyoyumba. Baada ya vita, betri za namna hiyo zilitiwa katika vifaa vya kuwasaidia wenye uziwi, kisha katika kamera na saa. Saa ya mkononi ya mwanzo inayotumia betri iliuzwa na kampuni ya Hamilton mwaka 1957, na saa ya Seiko Astron ikatoka Japani mwaka 1969. Zebaki ni sumu, na Marekani iliipiga marufuku katika betri za namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1996. Lakini katika miaka ya 1970 makampuni ya Japani yalikuwa yamekwisha kuanza kuuza betri za lithiamu. Miongoni mwa hizo imo ile inayojulikana leo kwa jina la CR2032. Jina lake ni kipimo chake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3, na ikiwekwa kabatini bila ya kutumiwa hukaa miaka mingi na isife. Hapo betri ikawa sarafu.

Kwa upande wa vyombo vyenyewe, mabadiliko yalitoka katika plastiki. Mwaka 1936 zilianza kuuzwa Uingereza seti za Frog Penguin, ndege zilizokuja vipande vipande, kwa kipimo cha 1 kwa 72. Mwaka 1952 kampuni ya Airfix iliiuza Golden Hind, merikebu ya Francis Drake, ndani ya mfuko, kwa shilingi mbili, katika maduka ya Woolworths. Kazi iliyokuwa ya fundi mwenye patasi na miezi mingi ya subira ikawa kazi ya kijana mwenye gundi na Jumamosi moja. Na kwa kuwa kila kipande kilikuwa kitupu ndani, vyombo hivyo vilizaliwa na nafasi tumboni, kama vile nyumba iliyojengwa ikamsubiri mpangaji.

Mpangaji wa mwanzo alikuwa globu ndogo ya uzi wa moto. Mafundi wa Kiingereza na wa Kimarekani waliziita globu hizo kwa majina yanayovutia: iliyo kubwa kidogo wakaiita punje ya ngano, na iliyo ndogo zaidi punje ya mchele. Seti ya mwanzo ya Enterprise iliyouzwa na kampuni ya AMT mwaka 1966 ilikuja na globu na mahali pa betri, na mtoto aliyeiunganisha alikuwa na chombo chenye nuru yake mwenyewe, jambo ambalo modeli kubwa ya televisheni haikuwa nalo. Matoleo ya baadaye yaliondolewa taa hizo. Hapana haja ya kutafuta mbali sababu zilizowafanya mafundi wengi wasizipende globu zile. Uzi wa globu hutoa nuru kwa kupashwa moto zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi, na sehemu kubwa ya umeme hupotea kuwa joto. Plastiki ya modeli huanza kulegea karibu na nyuzi 100. Globu ikiachwa kuwaka ndani ya chombo kilichozibwa huweza kuyeyusha paa, na ikiungua haiwezi kubadilishwa bila ya kukivunja chombo. Tena ina njaa. Betri ya sarafu haiwezi kuilisha. Kwa hivyo wengi waliyapaka madirisha rangi ya manjano, wakaliachia jicho la mtazamaji limalizie kazi.

Taa isiyounguza ilikuwa imeonekana zamani, ila hapakuwa na aliyeitambua thamani yake. Mwaka 1907 Mwingereza Henry Round, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Marconi, alipitisha umeme katika kipande cha kabonidi ya silikoni akakiona kinang'ara bila ya kuwaka moto. Aliandika barua fupi katika jarida, na mambo yakaishia hapo. Katika miaka ya 1920 Oleg Losev wa Urusi ya Kisovieti aliuchunguza mng'aro huo kwa makini na kuandika juu yake. Alifariki kwa njaa mwaka 1942 mji wa Leningrad ulipozingirwa. Ilikuwa mwaka 1962 ndipo Nick Holonyak wa Marekani alipotengeneza diodi yenye kutoa nuru nyekundu inayoonekana kwa macho. Hiyo ndiyo taa ambayo dunia nzima sasa inaiita LED. Haina uzi wa kukatika. Nuru yake hutoka katika tembe ya madini ambayo umeme hupita ndani yake, na hutumia umeme mchache mno.

Nyekundu ilitangulia, kisha zikafuata manjano na kijani. Anayeijua lugha ya taa za baharini ataona mara moja maana yake kwa mwenye kuunda meli: katika miaka ya 1970 na 1980 chombo kidogo kiliweza kubeba taa yake ya kushoto na ya kulia, lakini hakikuwa na taa ya mlingotini wala ya dirishani. Nyeupe haikuwepo. Nuru nyeupe haipatikani bila ya buluu, na buluu yenye nguvu iliwashinda wataalamu wa makampuni makubwa kwa takriban miaka 30.

Buluu ilipatikana Japani. Katika Chuo Kikuu cha Nagoya, Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano walifanikiwa mwaka 1986 kukuza fuwele safi ya nitridi ya galiamu, madini ambayo wengi walikwisha kuyakatia tamaa. Wakati huo Shuji Nakamura, mzaliwa wa kisiwa cha Shikoku, alikuwa akifanya kazi Nichia, kampuni iliyokuwa haijulikani sana, katika mji wa Anan kisiwani humo humo. Alishika njia ya madini yale yale, akaiunda mwenyewe sehemu ya mtambo aliouhitaji, na mwaka 1993 kampuni ikatangaza taa ya buluu yenye mwangaza mkali. Mwaka 1996 Nichia ikaanza kuuza nyeupe, iliyopatikana kwa kuipaka buluu unga unaotoa nuru ya manjano. Nakamura baadaye aliishitaki kampuni yake kuhusu malipo ya ubunifu huo, na kesi ikamalizika mwaka 2005 kwa suluhu ya yeni milioni 840. Mwaka 2014 yeye, Akasaki na Amano walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Hapo ndipo mambo matatu yalipokutana. LED nyeupe hutaka volti zipatazo 3, na betri ya sarafu hutoa volti 3. Hawakupangiwa kuoana; walikutana tu, wakafaana. Betri hiyo haina nguvu ya kumwaga umeme mwingi kwa mara moja, hivyo mara nyingi huweza kufungwa na taa nyeupe moja kwa moja bila ya taa kuungua. Nyekundu, ambayo hutosheka na volti 2 hivi, huhitaji rizista, yaani kipande kidogo kinachouzuia mkondo usizidi. Taa moja ikilishwa kidogo kidogo, kiasi cha kuonekana chumbani usiku, huweza kuwaka makumi ya saa kwa betri moja. Na zipo leo LED zenye urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita. Katika ndege ya kipimo cha 1 kwa 72, taa hiyo ni sawa na kitu cha sentimita 7, ambao ni ukubwa wa taa halisi. Nuru ikaingia katika mizani.

Kazi ya kuitia inataka adabu zaidi kuliko nguvu. Betri ndiyo inayopangiwa mahali kwanza, kwa kuwa hiyo ndiyo kubwa: milimita 20 katika kipimo cha 1 kwa 72 ni kama gurudumu lenye kimo cha meta 1 na sentimita 44, na haliwezi kusukumizwa popote. Katika meli hukaa chini ya sitaha, katika nyumba chini ya sakafu, na katika ndege nyembamba aghlabu huhamishiwa ndani ya kitako kinachoishikilia. Kisha ukuta wa plastiki hupakwa rangi nyeusi kwa ndani, na juu yake nyeupe au ya fedha. Asiyefanya hivyo ataona, atakapowasha, kwamba nuru haitoki madirishani bali chombo kizima kinang'ara kama fanal. Uvujaji uliokuwa uzuri wa meli ya karatasi ni aibu katika meli ya plastiki. Meli ya abiria ya kipimo cha 1 kwa 350 huwa na mamia ya madirisha, na dirisha la duara la sentimita 35 hugeuka kuwa tundu la milimita 1. Fundi hutoboa kila moja kwa mkono, na pengine huingiza nyuzi nyembamba za plastiki zinazopitisha nuru, ili taa moja iwashe madirisha 20.

Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Betri itakufa. Fundi aliyeziba kila ufa kwa gundi amekiundia chombo chake kaburi pamoja na taa, na usiku wa kuzimika hautatengenezeka. Mwenye busara huacha mlango: kipande cha sitaha kinachoshikwa kwa sumaku, au kifuniko chini ya kitako. Lakini mlango huo usiwe mwepesi kwa kila mkono. Betri ya sarafu ikimezwa na mtoto mdogo huweza kukwama kooni, na umeme wake ukaanza kuunguza nyama kwa ndani kabla ya saa mbili kupita; mtoto huyo apelekwe hospitali papo hapo, bila ya kungoja dalili. Marekani ilitunga sheria mwaka 2022, baada ya kifo cha mtoto mdogo, inayotaka vifuniko vya betri hizo katika bidhaa za nyumbani visifunguke kwa wepesi. Kitu kizuri kinachokaa rafuni, chenye taa za kumwita mtoto, kina dhima hiyo juu ya aliyekiunda. Kifuniko cha skrubu kinatosha.

Nuru iliyozaliwa Shikoku haikuishia katika vyombo vya rafuni. Wavuvi wa dagaa wa Afrika Mashariki, waliozoea kuwaita samaki kwa karabai, wamekuwa wakizihama taa za mafuta na kuchukua LED zinazowashwa kwa betri. Sababu ni ile ile iliyoifikisha taa katika modeli: joto dogo, umeme mchache, na hapana cha kubebwa ila betri. Karabai ilikula mafuta kila usiku, na kioo chake kilipasuka kwa tone la maji ya bahari. Mvuvi na muunda modeli hawajuani, lakini wamepokea zawadi moja, na wote wawili wanaujua uzito wa kubeba nuru yako mwenyewe mahali pasipo na waya.

Linabaki swali la ukweli. Watu wa pwani hii wana sababu ya kulichukulia kwa uzito, kwa kuwa wamewahi kukipoteza chombo na wakabaki na mfano wake. Mtepe, uliojengwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba bila ya msumari na kusukumwa na tanga la mkeka, ulitoweka baharini katika nusu ya mwanzo ya karne ya 20. Waliotaka kuufahamu baadaye walitegemea maelezo ya wazee, picha chache, na mifano midogo iliyohifadhiwa katika makumbusho, ikiwemo ya Lamu. Mwanzoni mwa karne ya 21 mtepe wa ukubwa kamili uliundwa upya Unguja, ndani ya Beit-al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 lililokuwa la mwanzo Zanzibar kuwa na umeme. Kwa chombo kama hicho, modeli si pambo. Ni ushahidi, na kila kinachoongezwa juu yake ni neno linalotiwa kinywani mwa shahidi.

Anayeitia modeli ya meli ya abiria taa zake, nyekundu kushoto na kijani kulia, anaongeza ukweli, kwa sababu meli ile ilisafiri na taa hizo. Anayeupa mtepe madirisha yanayong'ara kwa nuru nyeupe ya LED ameuvika kitu ambacho haukuwahi kukijua. Baina ya hao wawili yupo wa tatu: anayeweka nuru moja ndogo, ya manjano, hafifu kama ya kibatari, karibu na tezi, mahali ambapo nahodha angeliketi. Huyo amefanya alifanyalo mtunzi mzuri anapopata neno linalokidhi kina na mizani, kisha akajiuliza kama ndilo neno lenyewe. Kwa miaka mingi mafundi waliulizana iwapo taa itaweza kuingia. Sasa inaingia popote, na kazi iliyobaki ni kujua ni chombo kipi kilichokuwa nayo, na kukiachia kingine giza lake.